Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyeisoma mifupa ya waliokufa kwa njaa Misri

Mwaka 1200 Miladia, sawa na mwaka 596 Hijria mjini Kairo, maji ya Mto Nile hayakupanda kama ilivyotarajiwa. Tangu enzi za Mafirauni, maisha ya Misri yalitegemea mafuriko yaletwayo na mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Maji yalipofika kipimo cha dhiraa 16, mkulima alikuwa na hakika ya mavuno na mtawala alikuwa na hakika ya kodi. Mwaka huo hayakufika hata dhiraa 13. Mashamba yakakauka, bei ya nafaka ikapaa, watu wa vijijini wakakimbilia mijini, na huko mijini nako njaa ikawatangulia. Mwaka uliofuata mambo yalizidi kuwa mabaya, na maradhi yakaja juu ya njaa.

Miongoni mwa walioyashuhudia hayo alikuwamo mgeni mmoja kutoka Iraki, mtu wa umri usiozidi miaka 40, aliyekuwa akifundisha mjini Kairo. Jina lake ni Abdul-Latif al-Baghdadi. Aliyoyaona ameyaandika katika kitabu kidogo kuhusu nchi ya Misri, na ndani ya kitabu hicho mna kurasa chache ambazo zimemweka katika historia ya elimu ya mwili wa binadamu.

Abdul-Latif alizaliwa Baghdad mwaka 1162. Kama ilivyokuwa desturi ya watoto wa nyumba za elimu, alianza kwa Qurani, Hadithi, nahau na fiqhi, akihifadhi vitabu vizima kwa moyo. Baadaye aliingia katika falsafa na utabibu. Alipofika utu uzima aliondoka kutafuta walimu wakubwa zaidi. Mwaka 1189 alikwenda Mosul, kisha Damascus, na baadaye akaingia katika kambi ya Sultani Salahuddin nje ya mji wa Akka, wakati wa vita dhidi ya Wanamsalaba. Waziri wa sultani, al-Qadhi al-Fadhil, alimpa barua ya kumtambulisha Misri, na huko alikutana na tabibu mashuhuri wa Kiyahudi, Musa bin Maimun. Mkataba wa amani ulipofungwa mwaka 1192, Abdul-Latif alimzuru Salahuddin mjini Jerusalem, na sultani akamwekea posho. Salahuddin alifariki mwaka uliofuata. Baada ya muda Abdul-Latif akarejea Kairo, akawa mwalimu katika msikiti wa Al-Azhar.

Katika zama hizo, elimu ya mwili ilikuwa na bwana mmoja: Galen, tabibu wa Kiyunani aliyeishi karne ya pili. Vitabu vyake vilikuwa vimefasiriwa kwa Kiarabu, na kwa zaidi ya miaka 1,000 neno lake lilichukuliwa kuwa ndilo la mwisho. Lakini Galen mwenyewe alipasua zaidi miili ya wanyama kuliko ya watu, na mengi aliyoyasema kuhusu binadamu aliyakisia kutokana na wanyama hao. Kwa mfano, alifundisha kwamba taya la chini la binadamu limeundwa kwa mifupa miwili iliyounganishwa kidevuni.

Wanafunzi waliosoma kitabu cha mifupa mbele ya Abdul-Latif walipata taabu. Maneno yalieleza kiungo, lakini hawakuweza kukiona akilini. Ndipo walipopata habari kwamba huko al-Maqs, kando ya Nile karibu na Kairo, palikuwa na rundo kubwa la maiti za waliokufa kwa njaa, ambazo hazikupata wa kuzizika. Wakaenda pamoja na mwalimu wao. Walikuta kilima ambacho maiti zilikuwa nyingi kuliko udongo, na Abdul-Latif alikadiria kuwa zilizoonekana kwa macho tu zilizidi 20,000, nyingine za karibuni na nyingine za siku nyingi.

Hatupaswi kulipita jambo hili kwa haraka. Mtu aliyelelewa katika dini inayoamrisha maiti istiriwe na kuheshimiwa alisimama mbele ya watu waliokosa hata sanda. Yeye hakuwaua, wala hakuwa na uwezo wa kuwazika wote. Hakumpasua yeyote kwa kisu. Alichokifanya ni kutazama kwa makini kile ambacho jua na wakati vilikuwa vimekwisha kukifunua.

Aliliangalia kwanza taya la chini. Kama lingekuwa na mifupa miwili, mshono wake ungeonekana, na baada ya nyama kuoza sehemu hizo zingeachana. Hakuuona mshono wowote. Akatazama fuvu la pili, la kumi, la mia. Aliwaomba watu wengine nao watazame, yeye akiwapo na asipokuwapo. Mafuvu yaliyokaguliwa yalizidi 2,000, na katika yote hayo taya la chini lilikuwa mfupa mmoja tu. Hapo Abdul-Latif aliandika wazi kwamba Galen, pamoja na heshima yote anayostahili, amekosea, na kwamba ushahidi wa macho una nguvu zaidi kuliko kauli yake.

Kisha akageukia mfupa ulio chini ya uti wa mgongo, pamoja na kifandugu. Galen alikuwa amesema sehemu hiyo ina mifupa sita. Hapa Abdul-Latif alikuta hali tofauti: katika miili michache ilikuwa mfupa mmoja, na katika mingine ilikuwa kama Galen alivyosema. Kwa hiyo hakutoa hukumu ya kukata. Alieleza alichokiona, akakiri kuwa katika jambo hili hana yakini kama aliyokuwa nayo kuhusu taya.

Elimu ya leo imempa haki katika yote mawili. Mtu mzima ana mifupa 206, lakini mtoto huzaliwa na sehemu nyingi zaidi, ambazo huungana kadiri anavyokua. Taya la chini la mtoto mchanga kweli huwa na nusu mbili, nazo hushikana katika mwaka wake wa kwanza. Kwa mbwa na ng'ombe, nusu hizo zaweza kubaki zimetengana maisha yote. Pingili tano zilizo chini ya uti wa mgongo nazo huungana polepole, kuanzia ujanani hadi miaka ya 20 na ushei, hivyo anayechunguza mifupa ya watu wa rika mbalimbali hawezi kukuta sura moja. Mifupa hiyo hiyo husimamisha mwili, hukinga ubongo, moyo na mapafu, huipa misuli mahali pa kuvutia, huhifadhi madini ya chokaa, na uboho wake hutengeneza chembe za damu.

Abdul-Latif alikamilisha kitabu chake mwaka 1204. Baadaye aliishi Damascus, Aleppo na Erzincan, akifundisha, akitibu na kuandika. Mwaka 1231, akiwa safarini kwenda Hija, aliamua kupita kwanza Baghdad, mji alioutoka miaka mingi nyuma. Aliugua huko na akafariki, akazikwa katika mji aliozaliwa.

Habari ya taya haikuenea kama ilivyostahili. Mwaka 1543, tabibu Andreas Vesalius alichapisha mjini Basel kitabu kilichosahihisha makosa mengi ya Galen, likiwamo hilo la taya, naye akasifiwa Ulaya nzima. Nakala ya Abdul-Latif, iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, ilifika Oxford katika karne ya 17, na ikachapishwa kwa Kiarabu na Kilatini mwaka 1800. Takriban miaka 600 ilikuwa imepita.

Wale wa kilima cha al-Maqs hatuyajui majina yao. Walikuwa wakulima, wachukuzi, akina mama na watoto walioacha vijiji vyao wakitafuta mkate. Hawakupata kaburi wala mtu wa kuwasomea dua. Lakini daktari anayemwunga mtu taya lililovunjika leo anategemea jambo ambalo mifupa yao ilimwonyesha mtu mmoja aliyekubali kuitazama.