Caroline Pratt: mwalimu aliyewaachia watoto wajenge mji kwa mbao

Mara ya mwisho nilipokwenda Kariakoo kufuata vifaa vya studio, nilisimama karibu na Mtaa wa Kongo kumtazama mtoto wa mama lishe mmoja. Alikuwa amepanga kreti tupu za soda, mbili chini, moja juu, akaweka kipande cha boksi mbele. Lilikuwa lori. Wenzake wawili walikuwa wapakiaji, na mmoja alikuwa akidai ushuru. Baada ya dakika chache mwenye kreti alizichukua, mchezo ukaisha.

Nilimkumbuka mtoto yule pale mzazi mmoja alipopiga simu kwenye kipindi chetu kulalamika. Analipa ada ya chekechea, alisema, lakini mwanawe anarudi na vumbi magotini na daftari halina kitu. Swali lake ni la haki. Lilimkuta pia, zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwanamke wa Marekani aitwaye Caroline Pratt.

Pratt alizaliwa mwaka 1867 Fayetteville, mji mdogo katika jimbo la New York. Kabla hajafika miaka 20 alikuwa tayari anafundisha shule ya kijijini. Mwaka 1892 alipata ufadhili wa kusoma ualimu katika chuo cha Teachers College, jijini New York, akaanza na masomo ya chekechea. Wakati huo chekechea ilifuata njia za Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeianzisha. Froebel naye alitumia vipande vya mbao, ila vilikuwa vidogo, vya kuchezea mezani, na walimu waliomfuata waliwataka watoto wavipange kwa maelekezo. Pratt hakuipenda kazi hiyo. Akahamia kwenye ufundi wa mikono: msumeno, randa, patasi. Alikwenda hadi Sweden kujifunza jinsi useremala unavyofundishwa shuleni, kisha akafundisha Philadelphia hadi mwaka 1901.

Kilichomgeuza ni mtoto wa rafiki yake, mwenye miaka 6. Alimkuta sakafuni na vipande vya mbao, maboksi na vikorokoro vya nyumbani, amejenga reli nzima, na kila kitu kina kazi yake. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameona treni, sasa anaifikiria kwa mikono. Kwa mtu aliyechoka kuona watoto wakikalishwa kimya, hilo lilitosha.

Njia haikuwa rahisi. Kwanza alitengeneza wanasesere na wanyama wa mbao wauzwe madukani, biashara ikashindwa. Mwaka 1913 alifanya majaribio na watoto 6 tu wa miaka mitano. Mwaka uliofuata alifungua shule yake katika nyumba ya kupanga mtaa wa Greenwich Village. Baadaye ikaitwa City and Country, yaani mjini na shamba.

Kifaa chake kikuu ni tofali la mbao lisilopakwa rangi. Urefu wake ni kama sentimita 14, upana 7, unene 3.5. Angalia hesabu iliyomo: upana ni nusu ya urefu, na unene ni nusu ya upana. Yapo ya urefu maradufu na ya nusu. Mtoto anayetaka kuziba pengo la ukuta anagundua mwenyewe kwamba mawili mafupi ni sawa na moja refu, kabla hajaisikia sehemu ya nusu darasani.

Kwa uwanjani alibuni makubwa zaidi, yenye uwazi ndani ili mtoto aweze kuyabeba. Hayo ndiyo yanayonivutia mimi. Ukiwa na madogo unajenga nyumba ya kuitazama. Ukiwa na makubwa pamoja na mbao ndefu unajenga duka unaloingia, au meli unayopanda. Ubao mrefu unahitaji watoto wawili, kwa hiyo lazima wazungumze: nani atangulie, nani ashike nyuma, mbona inayumba. Ikianguka, wanajua kosa lilikuwa chini.

Wala hakuwaachia mbao tu na kukaa kando. Aliwatembeza. Walikwenda bandarini kutazama meli na mizigo, wakarudi kujenga walichokiona, na walipokwama walirudi kuuliza. Ukilihamisha hilo Kariakoo, somo lipo mlangoni: mikokoteni, wachukuzi wenye magunia ya vitunguu, mabasi ya mwendokasi Mtaa wa Msimbazi. Kinachokosekana ni uwanja. Chekechea nyingi za katikati ya jiji zimebanwa na maghorofa, na pale panapopatikana nafasi huwekwa madawati.

Wazazi wa New York nao waliuliza watoto watasoma lini. Pratt alishikilia msimamo wa kutofundisha kusoma rasmi hadi karibu miaka 7, jambo lililomletea ubishi mwingi. Binafsi sikubaliani naye kwa kila kitu. Mtoto wa kwetu anayeingia darasa la kwanza bila kujua herufi anaweza kuachwa nyuma. Lakini hakuwa anawafuga wavivu. Watoto wa miaka 8 shuleni kwake waliendesha duka halisi, kwa fedha halisi.

Aliiongoza shule hadi mwaka 1945, akaandika kitabu kuhusu alichojifunza kwa watoto mwaka 1948, akafariki mwaka 1954. Shule ipo mpaka leo. Matofali yake hakuyaandikisha kisheria kuwa mali yake, hivyo viwanda vingi duniani viliyaiga bila kumlipa, na wengi wanaoyanunua hawajui jina lake. Ni kwa sababu hiyo hiyo fundi seremala wa kijijini kwako anaweza kuyakata kutoka kwenye mabaki ya mbao bila kumwomba mtu ruhusa. Mwambie tu apige msasa vizuri kwenye pembe, na vipimo asivikisie. Tofali likizidi milimita chache, ukuta hauendi juu.