René Just Haüy, padri aliyetenganisha dioptazi na zumaridi

René Just Haüy alizaliwa tarehe 28 Februari 1743 huko Saint-Just-en-Chaussée, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mfumaji wa vitambaa, feza haikuwa mingi nyumbani. Watu wa Kanisa ndio walimsaidia kusoma. Akawa padri na mwalimu kule Paris.

Mambo ya mawe ilimuingia akiwa tayari mtu mzima. Inasimuliwa kama siku moja kipande cha kalsiti kilimponyoka, kikavunjika. Akaona vipande vyote vina pembe zilezile. Tangu pale akaanza kuvunja mawe kwa makusudi na kupima pembe zao. Njo mwanzo wa elimu ya fuwele, mawe yale yenye pande laini za asili.

Mwaka 1792, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, alifungwa juu alikataa kiapo ambacho serikali ilidai kwa mapadri. Geoffroy Saint-Hilaire, kijana aliyesoma kwake, alihangaika mpaka akatoka. Muda mfupi nyuma yake, mwezi wa Septemba, mapadri wengi waliuawa ndani ya magereza ya Paris.

Mwaka 1797 Haüy alichunguza fuwele za kijani zilizotoka Altyn-Tyube, leo Kazakhstan. Watu walizidhania zumaridi, sababu ya rangi tu. Lakini zumaridi inakwaruza hata kwarzi, lile jiwe gumu. Hizi zilikuwa laini, haziwezi. Akaziita dioptazi, kwa maneno ya Kigiriki ya kuona kupitia ndani, kwa sababu mistari ambapo jiwe linapasukia inaonekana ndani yake bila kulivunja.

Dioptazi iko na shaba, silika na maji. Inapatikana pia Katanga, na kule Mindouli, Kongo-Brazzaville. Malakiti, ndugu yake wa kijani, inatoa povu ikidondoshewa asidi, dioptazi haitoi. Anayeshindwa kuitambua anaweza kuilipia bei ya zumaridi, ao kuiponda na nyundo na kuiuza kwa uzito wa shaba. Wakusanyaji wa mawe wanatafuta fuwele nzima, ncha haijavunjika, ingali juu ya mwamba wake. Pigo moja linatosha kuharibu bei.

Haüy alikufa Paris mwaka 1822. Jina lake iko kati ya majina 72 yaliyoandikwa kwenye mnara wa Eiffel.