Muindi Mbingu na Ng'ombe wa Wakamba

Barabara ya Muindi Mbingu jijini Nairobi hupitwa kila siku na watu waendao sokoni, na wengi wao hawamjui mwenye jina. Huku kwetu Kola, na Machakos kwa jumla, jina hilo haliwezi kutengwa na ng'ombe.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuwagawia walowezi vilima vya Mua na kuwafungia Wakamba malisho ya Yatta. Mifugo ikasongamana, udongo ukamomonyoka. Hapo ndipo wakubwa walipogundua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi mno! Mwaka 1938 kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei ndogo. Askari wakatumwa kuwatwaa.

Zoezi hilo liliitwa kupunguza mifugo. Kama mwanaisimu, sina budi kulitazama neno hilo. Linamtaja mfugwa tu, mfugaji hayumo. Mahari yake, akiba yake na heshima yake hazimo. Dola inayokusudia kudhulumu hutangulia kulishughulikia jina. Kule Uturuki, Wakurdi waliitwa Waturuki wa milimani, na sheria ya mwaka 1983 ikakipiga marufuku Kikurdi hadi mwaka 1991. Nchini Iraq, kampeni iliyoangamiza makumi ya maelfu ya Wakurdi mwaka 1988 ilipewa jina Anfal, yaani ngawira, jina lililoporwa kutoka Kurani Tukufu. Mwaka huohuo mji wa Halabja ulimwagiwa gesi ya sumu. Wakamba hawakufikwa na maafa ya kadiri hiyo, na sithubutu kuyalinganisha. Nasema tu kwamba mtu aliyekwisha kuitwa ngawira hahesabiwi tena kuwa raia, na ng'ombe aliyekwisha kuitwa ziada hana mwenyewe.

Samuel Muindi Mbingu alikataa hesabu hiyo. Akiwa kiongozi wa Ukamba Members Association, mnamo Julai 1938 aliongoza zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, kutoka Machakos hadi Nairobi, safari ya kilomita sitini na ushei. Walipiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, wakidai kumwona Gavana Brooke-Popham. Hawakushika silaha. Lakini Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, na jambo hilo, naamini, liliwanyima wakubwa usingizi kuliko mayowe yoyote.

Gavana alilazimika kwenda Machakos kuwahutubia. Kabla ya mwaka kwisha, utwaaji wa nguvu ulisitishwa, na ng'ombe waliokuwa bado mikononi mwa serikali wakarudishwa.

Muindi hakusamehewa. Alipelekwa uhamishoni Lamu, pwani ya mbali, ambako Kikamba hakikuwa na wa kukijibu. Ni adhabu ya werevu: huhitaji kumkata msemaji ulimi ukiweza kumwondolea wasikilizaji. Mwaka 1940 chama chenyewe kilipigwa marufuku, na viongozi wenzake wakatiwa kizuizini. Yeye alirejea Ukambani, na mwaka 1953, katika misukosuko ya hali ya hatari, akauawa.

Udongo aliodaiwa kuuangamiza bado upo. Kola leo imezungukwa na matuta ya fanya juu, ambayo kwa sehemu kubwa yalichimbwa na vikundi vya mwethya baada ya uhuru, ng'ombe wakiwa zizini mwa wenyewe.