Pigou: Msomi aliyetaka mwenye moshi alipe

ARTHUR Cecil Pigou alizaliwa Novemba 18, 1877 mjini Ryde, katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Enzi hizo viwanda na magari-moshi ya nchi hiyo viliendeshwa kwa makaa ya mawe, na wengi waliuona moshi kuwa dalili ya ustawi.

Baada ya kusoma Harrow, alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, alikofunzwa uchumi na Alfred Marshall. Mwaka wa 1908, akiwa na miaka 30 pekee, alirithi kiti cha uprofesa cha mwalimu wake, akakikalia hadi 1943.

Wazee walinena kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Pigou alitaka mchumaji alile peke yake. Katika kitabu chake cha 1920 kuhusu uchumi na ustawi wa jamii, alieleza kuwa mwenye kiwanda hulipia makaa na vibarua, lakini halipii masizi yanayochafua nguo za majirani. Kwa kuwa hasara hiyo hubebwa na wengine, moshi huzidi. Dawa yake ilikuwa serikali kutoza ushuru unaolingana na hasara hiyo, ili mchafuzi mwenyewe aone faida ya kupunguza uchafu.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikataa kushika silaha. Hata hivyo, kila likizo alienda kuendesha magari ya kubebea majeruhi. Aliyoyaona huko yalimbadilisha, akawa mtu wa upweke.

Mwaka wa 1936 John Maynard Keynes, mwenzake wa Cambridge, alimshambulia vikali katika kitabu chake maarufu. Pigou alimjibu kwa ukali, lakini mnamo 1949 alikiri hadharani kuwa hakuwa amekipa kitabu hicho heshima kilichostahili.

Desemba 1952 moshi wa makaa ulifunika London na kuua maelfu ya watu. Sheria ya 1956 iliyofuata ilitegemea marufuku, si ushuru. Pigou alifariki Machi 7, 1959 kabla ya kuona wazo lake likitumiwa dhidi ya gesi ya kaboni.

Finland ilianzisha ushuru huo mwaka wa 1990, zikafuata Uswidi na Norway mwaka wa 1991. Afrika Kusini ilijiunga nazo mwaka wa 2019.

Safari hiyo haijakosa miiba. Australia iliufuta ushuru wake mwaka wa 2014, na mwaka wa 2018 waandamanaji wa Ufaransa waliilazimisha serikali kusitisha nyongeza ya ushuru wa mafuta. Uswidi, iliyopunguza kodi ya mapato wakati huohuo, ilifaulu kupunguza gesi hiyo huku uchumi ukikua.

Hesabu ya Pigou ingali imara. Kinachozitatiza serikali ni kuhakikisha mzigo huo haumwangukii maskini asiye na kawi nyingine ya kukimbilia.