Rudolf Diesel, mtu aliyeacha jina lake ndani ya kila kamioni

Katika barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, na ile ya kupanda Likasi na Kolwezi, kamioni zenye kubeba shaba zinapita usiku na mchana. Moja ikianza kukohoa, kutetemeka na kutoa moshi mweusi, dereva anajua kama silinda moja haifanyi tena kazi vizuri. Fundi akiitwa, hatafuti buji ya kutoa cheche, maana motere ya mazutu haina. Anatafuta vitu viwili: hewa na mafuta. Mtu wa kwanza kusumbuliwa na mambo hayo mawili aliitwa Rudolf Diesel.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858, katika familia ya Wajerumani wenye asili ya Bavaria. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi. Vita vilipoanza kati ya Ufaransa na Wajerumani mwaka wa 1870, familia ilifukuzwa Paris na kukimbilia London. Maisha yalikuwa magumu, ndipo wazazi wakamtuma Rudolf peke yake Augsburg kwa jamaa mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa na miaka 12. Wakaaji wa mashariki ya Kongo hawahitaji kuelezwa maana ya mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya vita.

Shuleni alishika nafasi za mbele. Alimaliza masomo ya ufundi Munich mwaka wa 1880. Mwalimu wake, profesa Carl von Linde, alikuwa mtaalamu wa mashine za kutengeneza baridi. Ni yeye aliyewafundisha wanafunzi kwamba mashine ya mvuke inapoteza zaidi ya sehemu 90 kwa 100 za moto wa makaa. Jambo hilo halikumtoka tena Diesel kichwani. Alifanya kazi ya mashine za barafu kule Paris, lakini usiku alikuwa akipiga hesabu za motere mpya.

Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza. Kila mtu aliyepiga pompi ya kinga anajua kwamba chini ya pompi panapata moto, kwa sababu hewa imeshindiliwa. Diesel alitaka kushindilia hewa ndani ya silinda mpaka iwe moto kabisa, kisha mafuta yakinyunyizwa ndani, yawake yenyewe bila cheche. Alipewa hati ya uvumbuzi mwaka wa 1893. Kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp vikakubali kulipia majaribio.

Tarehe 10 Agosti 1893, motere ya kwanza ilijaribiwa. Mafuta yaliwaka kwa kishindo, kipimo cha nguvu ya hewa kikapasuka, na vipande vikaruka karibu na vichwa vya watu. Diesel alinusurika. Hata hivyo aliona alichokuwa anatafuta: moto uliwaka bila cheche.

Kisha ikaanza kazi ya miaka karibu minne ambayo fundi yeyote wa Lubumbashi angeitambua. Hewa ilivuja pembeni ya pistoni, joto halikufika. Mafuta yaliingia vibaya, yakatoa moshi bila nguvu. Motere iliwaka mara moja, ikakosa mara mbili. Yeye na mafundi wake walibadilisha ringi za pistoni, wakaweka maji ya kupoza, wakajaribu namna mbalimbali za kunyunyiza mafuta kwa kusukumwa na hewa. Tarehe 17 Februari 1894, motere ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Fundi mmoja aliyeona mkanda ukivutwa na motere alivua kofia bila kusema neno.

Miaka mitatu kamili baadaye, tarehe 17 Februari 1897, profesa Moritz Schröter aliipima. Motere ilikuwa na nguvu za farasi karibu 20, na iligeuza sehemu 26 kwa 100 za joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna mashine ya mvuke iliyofika hapo.

Mpaka leo, dalili za ugonjwa ni zile zile. Katika motere za zamani zenye pompi ya kawaida, fundi anaiacha motere ikizunguka polepole, kisha analegeza kidogo mrija wa mafuta wa silinda moja, anaufunga, anaenda kwa silinda inayofuata. Sauti ikibadilika, silinda hiyo ilikuwa nzima. Isipobadilika, mgonjwa amepatikana. Kisha anatazama kama mafuta yana maji au hewa, kama filta imeziba, kama kinyunyizi kinadondosha badala ya kunyunyiza, na mwishoni kama hewa inavuja ndani ya silinda. Lakini katika kamioni mpya za kompyuta, mirija hiyo hailegezwi motere ikizunguka: mafuta yanatoka kwa nguvu inayoweza kupasua ngozi.

Diesel alipata mali haraka, akaipoteza haraka. Mwaka wa 1898 motere ziliuzwa kabla hazijakomaa. Ile ya kiwanda cha viberiti cha Kempten ilisumbua, na wateja wengine walilalamika. Wapinzani walimshtaki kwamba wazo si lake. Aliugua kwa uchovu mpaka akalazwa. Fedha zake aliziweka katika viwanja na visima vya petroli, zikapotea.

Mwaka wa 1900, kwenye maonyesho ya Paris, motere moja ya aina yake ilizunguka kwa mafuta ya karanga. Mwaka wa 1912 Diesel mwenyewe alitabiri kwamba mafuta ya mimea yangekuwa na maana kubwa siku moja. Mwaka wa 1937, Mbelgiji Chavanne alipata hati ya kugeuza mafuta ya mimea, yakiwemo ya mawese, kuwa mafuta ya motere.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913, Diesel alipanda meli Dresden kule Antwerp, bandari ambako meli za Kongo zilikuwa zikifikia. Alikuwa anaenda Uingereza kwa kazi ya kiwanda kipya. Alikula chakula cha usiku, akaomba kuamshwa asubuhi. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Uholanzi walikuta maiti baharini, na mwanawe Eugen alitambua vitu vilivyokuwa mfukoni. Kama alijiua, alianguka au aliuawa, hakuna aliyethibitisha.

Wakati huo Lubumbashi, ikiitwa Élisabethville, ilikuwa na miaka 3 tu, na treni zake zilikuwa za mvuke. Kamioni za kwanza za mazutu zilitoka Ujerumani miaka kumi hivi baada ya kifo chake. Diesel hakuona hata moja ikiuzwa.