Bwana William Trager na Mshumaa Wake

Kwetu ni Nakivale, kambi iliyo kando ya ziwa lenye jina hilo. Likizo iliyopita mdogo wangu alishikwa na malaria kali. Nilikesha siku tatu karibu na kitanda chake, hata sindano zikamsaidia. Niliporudi shuleni hapa Mbarara nilimwuliza mwalimu wetu, dawa hii ilijaribiwa wapi kabla ya kupewa watu? Jibu lake ndilo lililonifikisha kwa Bwana Trager.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Newark, Marekani. Alisoma Rutgers, kisha Harvard, na mwaka 1933 akaingia Taasisi ya Rockefeller. Nia yake ilikuwa kuvikuza vijidudu vya malaria nje ya mwili, ili vichunguzwe vizuri. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, maana vijidudu hivyo hujificha ndani ya chembe nyekundu za damu. Mwaka 1912 madaktari Bass na Johns walivikuza chupani, lakini havikudumu. Wengi wakakata tamaa. Bwana Trager yeye alianza na malaria ya ndege, akaendelea miaka mingi.

Mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 66, alifaulu pamoja na mwenzake James Jensen. Vijidudu hivi havipendi oksijeni nyingi. Basi walitia vyombo vyenye damu ya binadamu na maji ya chakula katika mtungi wa kioo, wakawasha mshumaa humo, wakaufunika. Mshumaa ulipozimika, oksijeni ilikuwa imepungua. Mtungi ukawekwa penye joto kama la mwili, na kila siku maji yakabadilishwa. Vijidudu vikazaana pasipo kukoma!

Tangu hapo dawa mpya huweza kujaribiwa chupani kwanza, na dawa inayoanza kushindwa hujulikana. Jambo hili latuhusu sana. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwamba kaskazini mwa Uganda kuna vijidudu vinavyostahimili artemisinini, na dawa iliyomponya mdogo wangu ni ya jamaa hiyo.

Bwana Trager alifariki mwaka 2005, kabla sijazaliwa. Ndugu zangu, wengi wetu hesabu ikitushinda mara mbili hufunga daftari. Tumkumbuke mzee huyu. Nami nikijaliwa kuingia Chuo Kikuu cha Mbarara, nataka kuishika kazi hiyo. Mvumilivu hula mbivu.