Alice Hamilton: Daktari aliyewafuata wafanyakazi majumbani kuwauliza

Kiwanda kikijua kuna mgeni anakuja, hufagiwa kwanza. Daktari Alice Hamilton wa Marekani aliligundua hilo mapema, na kwa sababu hiyo jina lake bado linatajwa popote panapozungumzwa usalama wa wafanyakazi.

Alizaliwa New York mwaka 1869 akakulia Fort Wayne, katika jimbo la Indiana. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893, wakati madaktari wanawake walikuwa wachache sana. Mwaka 1897 alihamia Chicago na kuishi Hull House, nyumba ya huduma kwa jamii iliyokuwa katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini. Majirani zake walikuwa Waitaliano, Wapolandi na wengineo waliokuwa wakifanya kazi viwandani, na aliwaona wakirudi nyumbani na magonjwa ambayo waajiri hawakutaka kuyasikia.

Mwaka 1910 jimbo la Illinois lilimpa kazi ya kuongoza uchunguzi wa magonjwa yatokanayo na kazi. Yeye alijikita kwenye risasi. Hapa hatuzungumzii risasi ya bunduki. Tunazungumzia madini yenyewe, yaliyokuwa yakitiwa kwenye rangi, betri na vitu vingine vingi. Vumbi lake likivutwa au kumezwa kidogo kidogo, mtu hupata msokoto mkali wa tumbo, hupauka kwa kukosa damu, na baadaye kiganja hulegea kikaning'inia asiweze kukiinua.

Ofisini kwa mabosi jibu lilikuwa lilelile: hapa hakuna mgonjwa, na kama yupo basi ni mlevi au hanawi mikono kabla ya kula. Kwa hiyo Hamilton na wasaidizi wake walizungukia kwingine. Walipekua daftari za hospitali, wakazungumza na wauza dawa, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na mapadri, kisha wakabisha hodi nyumbani kwa wafanyakazi wenyewe. Kule jikoni, nyapara akiwa mbali, watu walisema.

Kisa kimoja kinaonyesha vizuri tofauti hiyo. Hospitalini alikutana na mwanamume wa Kipolandi aliyepooza mikono kwa sumu ya risasi, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka enameli kwenye mabafu ya chuma ya kuogea. Enameli ni ile ngozi ngumu inayong'aa, kama ya sahani na bakuli za bati za zamani. Hamilton akaenda kiwandani. Wakubwa walimhakikishia kwamba hawatumii risasi, wakamtembeza, naye akaona wapakaji wachache wakipaka rangi. Alichukua sampuli ya rangi hiyo ikapimwa. Kweli, haikuwa na risasi.

Mwingine angeandika ripoti safi akaenda zake. Yeye alirudi mtaani kwa yule mgonjwa, na huko akaambiwa kwamba alipopelekwa si penyewe. Pale walikuwa wakifanya marekebisho ya mwisho tu. Kazi yenyewe ilifanyika mbali, upande mwingine wa mji. Aliitafuta sehemu hiyo akaipata: bafu linatolewa kwenye tanuru likiwa jekundu kwa moto, mfanyakazi analinyunyizia unga wa enameli unaoyeyuka papo hapo, na hewa yote imejaa vumbi. Mfanyakazi mmoja alimpatia sampuli ya unga ule. Ulikuwa na risasi hadi asilimia 20.

Uchunguzi huo ulibaini risasi katika kazi zaidi ya 70 za aina mbalimbali, na mwaka 1911 Illinois ikapitisha sheria ya magonjwa ya kazini. Serikali ya taifa nayo ikamtuma kufanya kazi kama hiyo nchi nzima. Safari hii hakuwa na sheria ya kumpa haki ya kuingia kiwandani, kwa hiyo alipiga hodi na kuomba. Wapo walioshawishika. Kiongozi mmoja wa kampuni kubwa ya risasi alikana kabisa kwamba watu wake wanaumia. Hamilton alipomletea kumbukumbu za wagonjwa 22 waliolazwa hospitalini, bosi huyo alibadilika, akaweka mitambo ya kuondoa vumbi na daktari wa kuwapima wafanyakazi.

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwajiri, mwanamke wa kwanza kufundisha hapo. Lakini hakuruhusiwa kuandamana na wenzake siku ya mahafali, na alistaafu mwaka 1935 bila kupandishwa cheo hata mara moja. Si jambo la kujivunia kwa chuo kama kile.

Hakushinda kila vita. Mwaka 1925 alipinga kutiwa risasi kwenye petroli, baada ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko New Jersey kufa kwa sumu yake. Hakusikilizwa. Petroli hiyo iliuzwa duniani kwa miongo mingi, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006. Alichunguza pia zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa kwetu wanaijua vizuri.

Hamilton alifariki Septemba 1970 akiwa na miaka 101. Desemba mwaka huohuo Marekani ilitia saini sheria ya taifa ya usalama na afya kazini.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1980, mtafiti Dov Zohar alichapisha dodoso la maswali 40 aliyowauliza wafanyakazi wa viwanda 20 nchini Israeli. Hakuhesabu ajali. Aliuliza watu wanaionaje hali: je, wakubwa wanajali usalama kweli, au kazi ikibana usalama unawekwa kando? Viwanda ambavyo wafanyakazi waliviona vizuri kwa ujumla ndivyo ambavyo wakaguzi nao waliviona salama zaidi. Tangu hapo maswali ya aina hiyo yameenea katika migodi, hospitali na viwanda vya nchi nyingi. Ila sharti ni lile alilolijua Hamilton tangu jikoni za Chicago: karatasi isiandikwe jina, na msimamizi asiwe ndiye anayeikusanya. Akiikusanya yeye, majibu yote yatakuwa mazuri.